Akiba ya Nafsi

Liko swali ambalo watu wa dini na watu wa hekima wameliuliza kwa zama nyingi, nalo ni kama mtu aliyezaliwa na moyo mwepesi wa kughadhibika, au mzito kwa huzuni, au uliojaa hofu, aweza kufundishwa akawa vingine, au kama hiyo ndiyo jaala yake aliyoandikiwa, naye hana budi kuichukua mpaka kaburini. Wahenga wetu hawakupatana juu ya jambo hili, kwa maana ni wao waliosema kuwa tabia ni kama ngozi, na ni wao pia waliosema kuwa mazoea hujenga tabia. Na mpaka leo methali hizi mbili hutumika katika nyumba moja, pengine katika kinywa kimoja, wala hapana aliyezipatanisha. Mimi naitakidi kwamba ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli, na kwamba furaha ya mja hapa duniani, kwa kadiri iliyo katika uwezo wake, hutegemea ilimu ambayo watu hujifunza kama wanavyojifunza ilimu nyingine. Lakini ilimu hiyo ina wakati wake, na wengi wetu huitafuta wakati usio wake.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Uajemi mwaka 1058, alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwenye jaha kubwa na wanafunzi wengi, alipofikwa mwaka 1095 na fadhaa ya nafsi iliyomfunga ulimi asiweze kusomesha, na kumnyima hamu ya chakula, hata matabibu wakaona kuwa ugonjwa wenyewe umeingia moyoni. Aliuacha ule uwalimu akashika njia ya Sham. Katika Ihya Ulum al-Din, kitabu chake kikubwa, aliweka sehemu nzima juu ya kuizoeza nafsi na kuitengeneza hulka, na humo aliwajibu waliodai kuwa hulka ya mtu haigeuki. Lau kama haigeuki, aliwaambia, mawaidha yote yangekuwa bure, na wasia na adabu visingekuwa na maana; na vipi tumkatalie mwanadamu jambo ambalo tunaliona kwa mnyama, maadamu ndege wa mawindo aliyetoka mwituni hufundishwa hata akarudi mkononi mwa bwana wake, na farasi mkaidi hutii hatamu? Wala hakudai kwamba ghadhabu na matamanio yang'olewe mizizi, kwa kuwa mtu asiye na ghadhabu kabisa hawezi kujihami wala kumhami mwanawe, na Kurani imewasifu wanaoizuia hasira yao, haikuwasifu wasiokuwa nayo. Alichotaka ni kuzirejesha nguvu hizo katika wastani, chini ya amri ya akili na sheria. Na njia ya kufika huko ni matendo, kwamba anayetaka kuwa karimu ajilazimishe kutoa, ingawa mkono ni mzito, mpaka kutoa kukawa kwepesi kwake. Aristotle alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo kwa Wayunani zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Hata hivyo, katika wote walioandika juu ya ilimu hii, namwona aliyeifafanua kwa njia ifaayo zaidi mtu wa kawaida ni Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa upande wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934. Yeye aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akakigawa sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi, kwa kuwa aliwaona matabibu wa zama zake wakishughulika na ya kwanza na kuiacha ya pili, ilhali maradhi ya nafsi ndiyo yanayomfika kila mtu. Mtu aweza kuishi miaka mingi asipatwe na maradhi makubwa ya mwili. Lakini nani aliyekaa hata muda mfupi asiguswe na huzuni au hofu au hasira? Aliyahesabu maradhi hayo kuwa manne, yaani ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, na akasema kwamba dawa zake ni za namna mbili: moja hutoka nje, nayo ni maneno ya mtu mwingine anayenasihi na kuliwaza, nyingine hutoka ndani, nayo ni fikira ambazo mtu huzileta mwenyewe kuzipinga zile zinazomdhuru.

Hapa ndipo alipoligusa jambo ambalo kwangu ni roho ya habari yote. Alisema kwamba kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa karibu naye kwa ajili ya ugonjwa wa ghafula, ndivyo impasavyo, wakati nafsi yake imetulia, kutafakari na kujiwekea fikira njema, zipate kuwapo siku ya dhoruba. Zingatia wakati alioutaja. Baba anayerudi jioni kutoka kazini, akakuta mtoto amevunja kitu cha thamani, hana nafasi saa ile ya kuanza kujifunza upole. Damu imekwisha kumpanda, na akili yake, ambayo ingekuwa hakimu, imegeuka wakili wa hasira na kumletea kila ushahidi kwamba mtoto huyu amemdharau kwa makusudi. Lakini baba huyuhuyu, ikiwa usiku wa jana, baada ya sala, alikaa peke yake akajiuliza ni lini mwisho alipowatisha watoto wake, na alichokifikiri dakika ile kilikuwa kweli au dhana, na mtoto wa miaka sita aweza kuwa na nia gani anapokimbia chumbani, ataikuta fikira ile tayari, imekwisha kupimwa, inamngoja. Haitamwondolea hasira. Itampa muda mfupi baina ya hasira na mkono, na muda huo, ujapokuwa wa pumzi mbili, ndio unaomtenga mzee anayeheshimiwa nyumbani mwake na mzee anayeogopwa.

Baada ya zaidi ya miaka 1,000, daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliwasikiliza wagonjwa wake wa huzuni katika miaka ya 1960, akaona kuwa baina ya tukio na huzuni hupita wazo la haraka ambalo mwenyewe aghalabu halitambui, na kwamba wazo hilo likikamatwa na kupimwa kwa ushahidi, huzuni hupungua. Wanaoiona ilimu ya namna hii kuwa bidhaa mpya ya ng'ambo, isiyotuhusu sisi, wangefanya insafu kumkumbuka yule mtu wa Balkh.

Katika pwani yetu dawa ya nje haikupungua kamwe. Mtu akifiwa hatumwachi peke yake. Majirani hupika, wanawake hukaa naye, hitima husomwa, na mazungumzo ya watu humzuia mfiwa asizame ndani ya nafsi yake siku zile ambazo kuzama ni rahisi. Ni desturi ya hekima, na Balkhi, aliyewausia watu wenye wasiwasi wasipende upweke, angeifahamu mara moja. Lakini matanga huanuliwa. Jamvi hukunjwa, watu hurudi kwenye shughuli zao, na mfiwa hubaki na kitanda kile na mlango ule. Na hapo, ikiwa hakuna alichokiweka ndani yake kabla, nyumba nzima humwangukia. Tumejua sana kulia pamoja na mtu. Hatujajua sana kumfundisha, kabla ya msiba, kwamba vyote alivyonavyo ni amana, na kwamba dunia haikuumbwa ili kila matakwa ya mtu yapate kutimia humo.

Wala sitaki kusemwa kuwa nimeiweka kila huzuni mikononi mwa tafakuri. Balkhi mwenyewe aliitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotewa na mali, na huzuni isiyo na sababu ijulikanayo, akasema kwamba hii ya pili ina asili yake katika mwili, na kwa hiyo hutibiwa kwa dawa za mwili. Uainishaji huu ni rehema kubwa, na inanisikitisha kwamba baada ya karne nyingi wako miongoni mwetu wanaomwendea kijana asiyelala wala kula, asiyeweza kuinuka asubuhi, wakamwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Maneno hayo si nasaha. Ni mzigo wa pili juu ya mgonjwa aliyelemewa na wa kwanza. Kijana huyo aombewe dua, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Pingamizi iliyo nzito kuliko zote ni ile isemayo kwamba ilimu ya kutuliza nafsi ni ilimu inayowafaa wenye nguvu, kwa sababu maskini akishajifunza kutulia hataidai haki yake. Siwezi kuipuuza, kwa kuwa mara nyingi nimesikia subira ikihubiriwa kwa mtu aliyedhulumiwa, na aliyemdhulumu asihubiriwe chochote. Mjane aliyeachiwa watoto na mumewe ana thumni ya mirathi kwa sheria. Ndugu za marehemu wanapoigawa nyumba pasipo yeye, kisha wakamsihi astahimili kwa ajili ya umoja wa ukoo, hiyo wanayoiita subira si fadhila bali ni pazia la dhuluma. Lakini tutazame vizuri ni mjane yupi wanayemwomba Mungu asitokee. Yule anayepiga mayowe uani hawamhofu, maana kelele zake watazigeuza hoja juu yake, waseme kuwa ametaka fujo. Na yule aliyekata tamaa hawamfikirii hata kidogo. Wanayemhofu ni yule ambaye ghadhabu yake ni nzima, haikuzimwa, lakini iko chini ya amri yake, anayefika mbele ya kadhi, iwe Mombasa au Unguja, na hati ya ndoa mkononi, akayataja majina ya mashahidi bila kuyachanganya. Anayetukanwa na shemeji yake mbele ya watu, naye akalijibu lile tu aliloulizwa na kadhi. Na shauri likiahirishwa, akawapeleka watoto shule, akala, akalala, akarudi siku aliyoambiwa.