Yasiyoandikwa Daftarini

Kaa wiki nzima katika kijiji kimoja cha Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kisha ushuke Morogoro mjini. Wakikuuliza huko juu kumetokea nini, huenda ukajibu kwamba hakuna jipya. Watu walikwenda shamba. Siku ya soko, kabichi, karoti na njegere zilishushwa kwa vichwa na migongo hadi barabarani, zikapakiwa kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam. Kwaya ilifanya mazoezi, mbuzi wa maziwa walikatiwa majani, mkutano wa kitongoji ulianza saa mbili baada ya muda uliotangazwa. Nyumba moja ilifiwa. Tunaposaka maana ya kuishi pamoja, tunaitafuta kwenye matukio makubwa, na kwa sababu hiyo wiki kama hii inatupita mikononi.

Yapo mambo ambayo kijiji huyahesabu kwa makini sana. Serikali inakitambua kijiji kwa usajili na muhuri, kwa halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, kwa mkutano mkuu unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina ukali wao. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku nyumbani. Siku ya kukutana, watatu hao hufungua mbele ya wote, fedha humwagwa kwenye beseni, zinahesabiwa kwa sauti, na aliyechelewa anatoa faini kabla hajakaa vizuri. Nauheshimu utaratibu huu. Umewapa wanawake wengi mtaji ambao hakuna benki ingewaamini nao. Lakini uzuri wake ni kwamba unakwisha: mwisho wa mzunguko madeni yote hulipwa, watu hugawana, na anayetaka kuondoka huondoka bila kinyongo.

Sasa twende msibani. Chini ya turubai pana meza ndogo, na mezani pana daftari la kurasa za mistari. Mwandishi anapokea rambirambi, anaandika jina na kiasi. Aliyeleta debe la mahindi anaandikwa, aliyeleta kilo tano za mchele vilevile. Baadaye orodha itasomwa na jumla kutajwa. Hatua chache kutoka mezani hapo mambo mengi yanaendelea ambayo kalamu haiyagusi. Akina mama walifika kabla hakujapambazuka, kila mmoja na ndoo au sufuria yake. Wengine wamelala mikekani kwa wafiwa siku ya tatu leo, si kwa kuwa kuna kazi ya kufanya usiku, bali ili aliyefiwa akishtuka asikie mtu mwingine anapumua. Vijana wako mteremkoni wanachimba kaburi, na kuchimba Uluguru si mchezo: ukishapita udongo wa juu, jembe linagonga mwamba, wanapokezana sururu, na kifusi kinataka kuteremka bondeni kila mara. Pamoja nao wapo watani wa ukoo, ambao kwa desturi ya Kiluguru ndio wenye jukumu la maziko, na ndio hao hao wenye ruhusa ya kumfanyia marehemu mzaha mpaka mjane acheke bila kutaka.

Kwa nini haya hayaandikwi? Si kwamba wameyasahau. Muulize mtu yeyote baada ya mwaka mzima, atakutajia nani alichimba, nani alichota maji, nani alifika akala akaondoka. Nadhani hayaandikwi kwa sababu hayakukusudiwa kulipwa. Mia tano ya rambirambi nitakurudishia siku yako ikifika, pengine na nyongeza. Ila ukimlipa ujira aliyechimba kaburi la mama yako, mmemalizana naye, na majirani waliomalizana hawana tena sababu ya kujuliana hali asubuhi. Deni lisilo na kiwango ndilo linalowafanya wapite mlangoni kwako hata siku ambayo huna shida.

Mtu anaweza kusema hii ni nguvu kazi tu, na nguvu kazi inaweza kupangwa na yeyote mwenye mamlaka. Uluguru ilishajibu hoja hiyo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi, ikawaamuru wakulima wachonge matuta ya ngazi milimani. Asiyetii alitozwa faini. Ukitazama kwa mbali ungeona ujima: mteremko ule ule, majembe yale yale, majirani wamejipanga mstari. Lakini kazi ilikuwa ya mwenye daftari. Tena matuta yenyewe yalifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo mfu, mazao yakadhoofu. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo, upande wa pili wa milima hiyo, walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Waliogoma si wavivu. Ni watu ambao wiki hiyo hiyo wangemchimbia jirani kaburi bila kuitwa mara mbili.

Sitaki kukipamba kijiji. Umoja huu una uzito, na haugawanywi sawa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ardhi hupita humo, na bado maji, kuni na masufuria ya msibani yako kichwani na mikononi mwa wanawake. Hakuna aliyechagua ukoo wake wala majirani zake. Asiyehudhuria misiba ya wenzake hulipizwa siku ambayo hawezi kujitetea: watu watakuja kwake, ila watakuja wachache na watachelewa. Mtu mpole, mgonjwa, au mwenye haya anaweza kuumizwa na macho hayo yanayojua kila kitu. Ninawaelewa wanaokimbilia mjini ambako kaburi huchimbwa kwa ujira, viti hukodiwa, mpishi hulipwa, na mfiwa haachiwi fadhila za kubeba maisha yake yote. Huo nao ni uhuru.

Hata hivyo wengi wao hawakai kwenye uhuru huo moja kwa moja. Kijana wa Nyandira, huko huko Mgeta, anayeuza nguo Kariakoo akipata habari ya msiba wa mjomba wake hutuma fedha kwa simu ndani ya dakika chache, nyingi kuliko atakazotoa mtu yeyote aliyepo kijijini. Jina lake linaandikwa, kiasi kinasomwa, watu wanashukuru kwa dhati. Kisha mzee mmoja anauliza, bila lawama, yeye mwenyewe anafika lini. Mara nyingi anafika, hata kama wameshazika. Anakaa siku mbili tatu, anachanja kuni za arobaini, anatumwa na shangazi zake huku na kule kama mtoto. Biashara Kariakoo imefungwa na hasara anaijua. Anapopanda gari kurudi, amepoteza fedha na amejiongezea watu wa kuwadai na wa kumdai.