Bwawa la Ukutani

Katika vyumba vya kungojea vya Nairobi, kuanzia ofisi za mawakili Kenyatta Avenue hadi kliniki za meno Hurlingham, kuna picha moja isiyochoka kutundikwa: bwawa la bustani, mayungiyungi machache juu ya maji, mti umeinama, mtu hakuna. Wajuzi wa sanaa huidharau. Mimi siidharau. Anayesubiri kung'olewa jino anahitaji mahali pa kutuliza macho, na jiji la honi na makanga halimpi.

Ila utulivu huo una kelele zake, na mchoraji huziacha nje. Mabwawa mengi ya aina hii yanamfuata mchoraji Claude Monet. Mwaka 1893, kijijini Giverny, Ufaransa, Monet aliomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito yaingie katika kiwanja alichonunua. Majirani wakapinga: walihofia mimea yake ya kigeni itatia sumu maji waliyofulia nguo na kunyweshea ng'ombe. Akafoka, akaandika barua, akapata kibali. Baadaye aliajiri mtu wa kusafisha mayungiyungi akiwa ndani ya mashua, na barabara ya kando akaigharimia lami ili vumbi lisituame juu ya majani. Picha zake nazipenda bado, lakini siku hizi nikizitazama nawafikiria pia wale wafuaji.

Nairobi nayo ina bwawa lenye ugomvi wake, lile la Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Miaka ishirini baadaye, chama tawala cha KANU kilipanga kusimamisha humo jumba la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua kulipinga, mpaka kwa balozi wa Uingereza. Wabunge wakamkejeli bungeni. Green Belt Movement, shirika alilolianzisha, likafurushwa kutoka ofisi yake katika jengo la serikali. Hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa na jumba halikujengwa. Leo anayesifu upepo wa pale anasifu, ajue asijue, matunda ya mwanamke aliyeambiwa kwamba anapiga kelele.

Monet na Maathai, basi, kila mmoja aligombana na watu, na wote wawili walishinda. Mmoja alitaka maji yawe yake. Mwingine alikataa bustani ya wote iwe ya wachache. Fundi mmoja akiyachora mabwawa hayo yatatoka kama mapacha, kwa kijani kile kile na kivuli kile kile. Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba picha nzuri inajieleza yenyewe. Hii inaeleza habari za mwanga, na inazieleza vizuri. Nani anaruhusiwa kuketi ukingoni na njugu zake bila kufukuzwa na askari wa getini, hilo itabidi tumuulize mchoraji, naye huenda alilinakili bwawa lake kutoka kwenye kalenda.