Kabla Hujafungua Dodoso

Wajukuu zangu mnaosoma Morogoro, Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, nasikia siku hizi andiko la utafiti halipiti kwa wafadhili wengi bila kueleza habari za usawa na ujumuishi: wanawake watashirikishwaje, wazee je, wenye ulemavu je, wasiojua kusoma je. Nimefurahi sana. Lakini maelezo hayo mara nyingi huandikwa mwishoni ili fomu ijae, na hilo ndilo nawasihi msilifanye. Haki katika utafiti huanzia pale unapoamua umuulize nani, na umwendee saa ngapi.

Chukueni usipa wetu, dagaa wa Ziwa Nyasa, hapa Liuli. Mtafiti anafika na kibali chake cha COSTECH, anaripoti kwa mtendaji, mwenyekiti anamwitia wenye mitumbwi na nyavu. Wanamweleza vizuri habari za giza la mwezi, taa na bei ya nyavu. Kufika saa tano dodoso limejaa. Mama aliyepokea ndoo alfajiri, akaanika, akageuza, akafukuza kunguru, kisha akaanua mbio wingu lilipotanda, hakuulizwa neno. Naye ndiye anayejua ni ndoo ngapi zimeoza masika, na mchuuzi gani kaondoka na mzigo kwa mkopo hajarudi. Ripoti itasema kijiji kinahitaji nyavu na injini. Pengine ni kweli, lakini hasara iliyobaki mchangani, ambayo chanja za kuanikia zingeipunguza, haimo.

Wala msidhani kumwita mama huyo mkutanoni kunatosha. Mwenye mtumbwi anayemdai amekaa mstari wa mbele. Mnataka aseme nini? Kaeni naye pembeni, ikiwezekana dada mtafiti ndiye akae naye, tena jioni akishaanua. Kama ni bibi anayejieleza kwa raha zaidi kwa Kinyasa, mtafuteni mtu mzima wa kutafsiri. Mjukuu wake msimtumie, kwani yako mambo bibi hatayasema mbele ya mtoto. Na kiziwi anayefanya kazi pale pale ufukweni msimpite kwa sababu hamjui ishara zake. Wenzake wanaoelewana naye kila siku wapo, waombeni wawasaidie, naye akubali.

Kule juu Umatengoni, kwenye milima ya Wamatengo, ndiko ningependa mwende mkajifunze. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuchunguza ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usiporomoke milimani. Kwa desturi mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba. Mwanamke ndiye huchimba udongo katikati na kuyafunika, mteremko mzima, mgongo umeinama. Ukimuuliza mwenye shamba nani analima, atajibu, “Mimi.” Hasemi uongo kwa desturi yake, ila wewe ukiishia hapo utakwenda kushauri ngoro ziongezwe bila kujua mzigo unamtwisha nani. Wale watafiti walikaa na watu miaka mingi, na katika kazi iliyofuata kikapatikana kinu cha kusaga kwa nguvu ya maji pale Kindimba. Kusaga ni kazi ya nani, mnajua wenyewe.

Historia yetu nayo ina pengo hilo hilo. Vitabu vinaeleza jinsi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilivyoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani hapa hapa, wakati huo wakipaita Sphinxhafen. Majina ya wazungu yapo. Ya wenyeji waliokuwepo ufukweni siku ile sijayaona popote. Yanayokumbukwa katika familia zetu nendeni mkayaandike, wazee wanaondoka.

Kabla hujampelekea msimamizi tasnifu yako, rudi nayo huku. Isome kwa Kiswahili mbele ya kina mama uliowahoji, wakukosoe, na walichokukosoa kiingie humo humo. Aliyekufundisha kutambua usipa ulioanza kuharibika, akiridhia, mtaje kwa jina kama unavyomtaja profesa. Na ikibidi umkalishe saa mbili wakati usipa wake uko juani, mlipe kibarua wa kumgeuzia.