Dai na Mizani Yake

Madai ya wanadamu ni ya namna mbili. Liko dai linalojipeleka lenyewe mizanini na kusema: nipimeni, nami nikipungua nitupeni. Na liko dai linalokaa mlangoni pa mizani likawazuia watu wasiingie, kisha likajisifu kuwa halijapata kushindwa. Swali linalozaliwa hapa ni hili: je, mtu anayo haki ya kuwahukumu wenzake kwa dai ambalo hakulipa nafasi ya kukanushwa? Maisha ya Margaret Kivelson, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, yanalitia nuru swali hilo, kwa kuwa alikutana na madai ya namna zote mbili: moja aliwekewa na watu, na jingine aliliweka yeye.

Kivelson alizaliwa New York mwaka 1928. Alipokuwa msichana mwenye hamu ya sayansi, jamaa mmoja wa ukoo wake alimshauri asomee mambo ya lishe, maana fizikia haikudhaniwa kuwa njia ya mwanamke. Ushauri huo haukuwa wa chuki. Yamkini ulikuwa wa mapenzi, nao ulilingana na busara ya wakati wake. Siku hizo mwanamke hakupokewa Harvard kama mwanamume. Alijiandikisha Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa ubavuni pake. Huko ndiko Kivelson alikopata udaktari wake mwaka 1957, akiongozwa na Julian Schwinger. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilimwajiri mwaka 1967 katika daraja ya chini ya utafiti, na uprofesa kamili aliupata mwaka 1980, akiwa na miaka zaidi ya hamsini.

Dai la kwanza lilijilinda kwa hila nyepesi. Lilisema kuwa mwanamke haiwezi fizikia, likamfungia mlango, kisha likautaja uchache wa wanawake ndani ya nyumba kuwa ndio ushahidi wake. Ni kama mtu anayemfungia kuku tunduni mwaka mzima, halafu akasema kuku huyu hajui kuchakura. Ubaya wa dai kama hilo hauko katika uwongo wake tu, kwani hata mkweli hukosea. Ubaya wake mkubwa ni kuwa limeondoa njia ya kulijua kosa.

Dai la pili lilihusu maji yasiyoonekana. Kivelson aliongoza kazi ya chombo cha kupimia sumaku kilichopachikwa katika chombo cha anga Galileo, kilichorushwa mwaka 1989 kikafika katika sayari ya Mshtarii mwezi Desemba 1995. Nguvu ya sumaku haionekani kwa macho. Nahodha huijua kwa kugeuka kwa sindano ya dira yake. Mwaka 1996 vipimo vilionyesha kuwa Ganymede, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una sumaku yake wenyewe, jambo lisilopata kuonekana katika mwezi wowote. Katika mwezi mwingine, Europa, uliofunikwa na barafu, chombo kilipima badiliko la sumaku ambalo lingeweza kuelezwa kwa njia mbili. Huenda Europa nao ulikuwa na sumaku ya asili. Au huenda chini ya barafu palikuwa na bahari ya maji ya chumvi. Na maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo sumaku ya Mshtarii inapobadilika huamsha mkondo wa umeme ndani yake, na mkondo huo huzaa sumaku nyingine ya kuipinga ile ya kwanza.

Bahari ni habari tamu. Mwenye kupenda sifa angeitangaza na kuziba masikio. Kivelson na wenzake walitafuta mahali ambapo dai lao lingeweza kuanguka. Mhimili wa sumaku ya Mshtarii umeinama kiasi cha digrii kumi, na sayari hiyo huzunguka upesi; kwa hiyo nguvu ya sumaku inayoifikia Europa hugeuza mwelekeo takriban kila baada ya saa tano na nusu. Kama sumaku ya Europa ni ya asili, itaelekea upande mmoja siku zote. Kama ni ya bahari, itageuka pamoja na ile ya Mshtarii. Tarehe 3 Januari 2000 Galileo kilipita karibu na Europa wakati nguvu ya Mshtarii ilipokuwa imegeukia upande wa pili. Vipimo vilionyesha kuwa sumaku ya Europa imegeuka pia. Hata hapo makala yao ya mwaka huo ilisema tu kuwa hoja ya bahari imepata nguvu zaidi. Haikusema kuwa shauri limekwisha.

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo hutumiwa michezoni, lakini mahali pake hasa ni katika elimu na katika hukumu. Ushindi wa Kivelson mwaka 2000 una thamani kwa sababu siku ile ingeweza kuwa siku ya kushindwa kwake.

Hata hivyo, lipo kosa la kuepukwa. Wako watakaosema: mwanamke huyu alifika, basi kila mwenye nia hufika, na aliyebaki nyuma alikosa bidii. Hilo nalo ni dai linalokimbia mizani, kwani huwahesabu waliopita mlangoni na kuwasahau waliozuiwa nje. Mtu mmoja anatosha kuvunja neno “hawezi”. Hatoshi kuthibitisha kuwa mlango ulikuwa wazi kwa wote. Ni maarifa mangapi yaliyopotea pamoja na wasichana waliotii ushauri ule, hakuna chombo cha kuyapima.

Chombo kingine, Europa Clipper, kilirushwa Oktoba 2024 kwenda kuichunguza Europa, nacho kina vipimo vya sumaku ambavyo Kivelson alishiriki kuviongoza. Vinaweza kulithibitisha dai lake, vinaweza kulirekebisha. Mtu aliye tayari kwa yote mawili ndiye mwenye haki ya kudai. Na jamii inayowahukumu watu wake haina haki ya kutaka udhuru mkubwa kuliko huo.