Mtia Rangi Si Mfumaji

Hivi karibuni vijana wawili wa darasa letu walitujia wakiteta. Mmoja wao alikuwa amechukua joho lililotengenezwa na mtu mwingine katika mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim, akaligeuza rangi kutoka nyeusi hata kijani, kisha akalitoa kwa watu kwa jina lake mwenyewe bila ya kumtaja wa kwanza. Mwenziwe alimwambia, "Umeiba." Naye akajibu, "Nimeiba nini, na la kwake liko palepale, halikupungua hata uzi?" Swali hili limetoka mchezoni, lakini lenyewe si la mchezo; kwa hivyo twaona yatupasa kulijibu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, tutaieleza kwa ufupi. Skyrim ilitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2011, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikawapa wachezaji chombo cha kuutengeneza mchezo watakavyo. Nguo yoyote iliyomo ndani yake ina vitu viwili: umbo, na picha inayolifunika umbo hilo. Umbo ndilo mkato wa nguo: upana wa mikono, kimo cha kola, mwanguko wa pindo. Ama picha, hiyo ni bapa, mfano wa kitambaa kilichotandazwa mezani kabla ya kushonwa, na humo ndimo zilimo rangi na nakshi. Huwapo na picha ya pili, ambayo kazi yake ni kuonyesha mwanga uangukie vipi penye mishono na mikunjo. Mwenye kutaka kuigeuza sura ya nguo huichora upya ile picha, akaiweka faili yake mahali panapostahili kwa jina lilelile, na mchezo ukaisoma hiyo badala ya ile ya kwanza. Umbo halikuguswa.

Basi kijana wetu amesema kweli kwamba joho la mwenziwe halikupungua. Lakini je, ni joho tu liwezalo kupungua? Watu wengi wafanyao kazi hizi huzitoa bure. Hawapati kwazo fedha. Wapatacho ni kujulikana kuwa fulani ndiye aliyelifanya jambo hili na akalifanya vyema. Asiyechukua ujira ila jina, ukimwondolea jina umemnyima ujira wake wote. Wala kutoa bure si kutupa. Mtu akikuazima mashua yake bila ya malipo, hakukupa ruhusa ya kufuta jina lililoandikwa ubavuni mwake.

Huenda mtu akasema: "Na huyo wa kwanza naye amejenga juu ya mchezo wa kampuni, vipi awakataze wengine kujenga juu ya kazi yake?" Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi. Lakini kampuni ilifungua mlango kwa hiari yake, wala hapana mtu aliyepata kudhani kuwa mshona joho ndiye aliyeuunda mchezo mzima. Mambo mawili ndiyo yaliyomhalalishia kazi yake: alikuwa na idhini, na hakudanganya. Kijana wetu hakuwa nayo yote mawili.

Jambo hili lilidhihirika zaidi fedha zilipoingia. Tarehe 23 Aprili 2015, kampuni ya Valve pamoja na Bethesda ziliruhusu kazi za namna hii ziuzwe, na mtengenezaji apate asilimia 25. Mara ugomvi ukazuka: kazi mojawapo kati ya zile za mwanzo iliondolewa kwa kuwa ilitegemea kazi ya mtu mwingine ambaye hakuridhia. Tarehe 27 Aprili mpango wote ukavunjwa, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Waliozoea kuchukuliana bila ya kuulizana waliuona ubaya wa mazoea hayo siku ile tu bei ilipoandikwa juu yake.

Wala hatusemi kwamba mtia rangi hana haki. Kofia ya vito huweza kupita mikono ya watu wawili au watatu, huyu akachora nakshi na yule akashona, na kila mmoja ana sifa yake. Aliyekaa usiku baada ya usiku akichora uzi baada ya uzi, picha hiyo ni yake. Na njia safi ipo: atoe picha yake peke yake, awaambie watu waliendee umbo kwa mwenyewe. Akitaka kuvitoa vyote pamoja, na aombe idhini. Akikataliwa, na akubali.

Joho la kijani tumeonyeshwa, na kwa hakika limependeza. Uzuri wa rangi ni wa kijana wetu, na ajivunie. Mkato ni wa mwenziwe asiyemjua, aliye mbali, ambaye labda hatapata kujua kamwe kuwa amedhulumiwa. Kwa sababu hiyo hasa tumemwambia aliandike jina lake leo, kabla hajaulizwa na mtu.