Saa Kumi na Tano za New York

Ukiiuliza simu New York ni mbali kiasi gani kutoka Nairobi, jibu linakuja kabla hujameza mate: karibu kilomita 11,800, saa 15 angani. Kijana anayemsindikiza bibi yake uwanja wa Jomo Kenyatta humsomea hesabu hiyo kama anayetaja nauli ya matatu. Bibi huitikia, "Haya, mjukuu wangu," huku akipapasa mkoba kuhakikisha, kwa mara nyingine, kwamba pasipoti imo.

Kinachomkera mwandishi wa safu hii ni imani iliyojificha kwenye jibu hilo, kwamba chukua umbali, gawanya kwa mwendo wa ndege, umemaliza.

Hadi Oktoba 2018 umbali ulikuwa uleule, ila saa 15 hazikuwepo. Abiria walipitia London, Amsterdam, Dubai au Doha. Walivua viatu na mikanda upya, wakasinzia wameegemea mikoba kwenye viti vya chuma vyenye vizuizi katikati, vilivyotengenezwa (mtu angeapa) ili asiwepo wa kujinyoosha. Siku nzima ikaliwa hivyo.

Hapo atasimama mjuzi: teknolojia hiyo bwana, Dreamliner imetukomboa! Ndege ni nzuri, hilo halina ubishi. Safari moja inaunguza mafuta tani 85 hivi, nayo inapaa kutoka jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako wepesi wa hewa huilazimisha ipunguze mzigo. Wakati wa kwenda hupambana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kurudi hubebwa nao, saa moja ikapungua. Lakini Kenya Airways ilipokea Dreamliner yake ya kwanza Aprili 2014. Miaka minne yote ilikuwa ikingoja nini?

Karatasi. Mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga Februari 2017, na bila daraja hilo hakuna shirika la Kenya ambalo lingeanzisha safari hiyo. Zikafuata ruhusa nyingine, hadi Oktoba 28, 2018, ndege ilipoondoka bila kutua njiani.

Karatasi hizohizo hurefusha pia. Mwaka 2022 Urusi ilipoyafungia anga lake mashirika ya Ulaya, safari ya Finnair kutoka Helsinki hadi Tokyo ilitoka kwenye saa 9 na ushee ikawa kama 13, kwa kuzungukia Ncha ya Kaskazini. Njia hiyo shirika hilo lilikwisha kuipita mwaka 1983, likiikwepa Sovieti, kwa takriban saa hizohizo 13. Miaka karibu 40 ya injini bora imekwenda wapi?

Biashara nayo ina neno lake, maana kujaza viti zaidi ya 230 si mchezo. Ila Air Tanzania ilipokea Dreamliner yake Julai 2018, miezi mitatu kabla ya safari ile ya Nairobi, na abiria wa Dar es Salaam aendaye New York bado anaunganisha, wakati mwingine akianzia na ndege ya saa moja na kitu kwenda Nairobi.