Majina Waliyoahidiwa Waliokufa

Ndugu zangu katika imani, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Allah na tuzichunge haki za watu. Ijumaa hii nataka tuzungumzie haki ya maiti ambao hatuna makaburi yao ya kuzuru.

Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliingia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza, wakarudi walikotoka. Ugomvi ule haukuwa wetu, lakini ulitufikia mlangoni. Vijana wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi ya kukusanya watu, machifu walitakiwa kutoa wanaume, watake wasitake. Walibebeshwa risasi na magunia ya unga hadi ndani ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Wengi hawakufa kwa bunduki. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, na kwa ugali uliopikwa haraka haraka ukaliwa mbichi na watu wenye njaa.

Nairobi kuna kumbukumbu zao. Iko sanamu ya shaba ya mwaka 1928, katika barabara ya Kenyatta, yenye maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi yale yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke sanamu yote: hutaona jina la marehemu hata mmoja. Uko pia Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani, uliojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliofia vita hivyo. Kwangu mimi ukumbi ule una heshima kuliko shaba, maana watu waliutumia: walikutana humo, wakajadiliana, wakacheza ngoma zao. Hata hivyo ukuta hauwezi kumtaja mtu. Kutaja ni kazi ya walio hai.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na kuna linaloniuma zaidi ya hilo: mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki serikalini, wajane na mayatima wasiione. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufikishia onyo la Mola wetu kwamba Siku ya Kiyama Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu aliyemtumikisha mwenzake, kazi ikaisha, asimpe ujira wake. Onyo hilo halikushuka kwa Waingereza peke yao. Hapa kwetu yuko mama aliyechuma majani chai tangu alfajiri, akayapeleka kwenye mizani mgongo ukimuuma, na mwenye shamba bado anamwambia, "Njoo wiki ijayo."

Na kuhusu kuwaulizia waliosahauliwa, mnakijua kisa cha yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alikufa, Masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba ni jambo dogo. Mtume alipomkosa akamuulizia, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia. Mfagizi aliulizwa habari zake na mbora wa viumbe! Na asije mtu akaniambia kwamba wapagazi wengi wa Gusii hawakuwa Waislamu. Jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza: kwani hiyo si nafsi?

Hapa kwetu Gesima tusingoje sanamu wala ukumbi. Wazee tunao, na Abagusii huwapa watoto majina ya jamaa waliotangulia, kwa hiyo huenda jina la mpagazi aliyepotea linaitwa kila jioni uani kwenu, wala hamjui lilitoka kwa nani. Nendeni kwa omogaka, yaani mzee, wa boma lenu kabla hajaondoka. Muulizeni nani alikwenda na hakurudi. Andikeni jina lake, la baba yake na la ukoo wake, kisha mlete hapa msikitini, nasi tutakaa na wachungaji, mapadri na chifu tuziunganishe orodha. Na mwenye deni la mchumaji wake, alilipe leo kabla ya magharibi.